Chapa Iliyooga Mara Mbili

Kituo cha Afya, chumba cha meno
2 Juni

Mama mkwe,

Shikamoo. Naandika kwa sababu wewe na simu hamsikilizani tangu mashine yako ya kusagia ilipokuharibia sikio la kulia. Nina habari mbili, moja ya kilio na moja ya vigelegele. Naanza na ya kilio tumalizane nayo.

Mwezi wa nne mwanao Honi aliteleza kwenye ngazi za ukumbi wa mazoezi ya muziki. Alilikumbatia tarumbeta kama mtoto mchanga, akatanguliza mdomo. Tarumbeta halina hata mkwaruzo. Simu yake ilipasuka, na meno mawili ya juu, ya mbele kabisa, yalivunjika vibaya mpaka ikabidi niyang'oe mwenyewe huku machozi yananitoka. Aliniapisha nisikuambie mpaka fizi zipone. Zimepona. Usimfokee, nimeshamfokea kwa niaba yako.

Sasa piga vigelegele! Bendi ya redio inatafuta mpiga tarumbeta! Yule mzee wao anastaafu, na kiti kile hakijawahi kuwa wazi tangu Honi azaliwe. Barua ya kumwita kwenye majaribio imefika jana; majaribio yenyewe ni tarehe 28 mwezi huu, huko huko mjini kwako. Ameisoma kwa sauti mara nyingi kiasi kwamba hata jirani anaijua kwa moyo. Shida ni kwamba kwa lile pengo, akipuliza hutoka upepo tu, kama mtu anayepooza chai.

Anahitaji bamba lenye meno mawili, likae kwenye kaakaa bila kutikisika hata kidogo. Nimtume kwa nani tena wakati watu wanavuka mji mzima kuja kwako, Mama Meno? Ndani ya boksi utakuta chapa ya mdomo wake, nimeifunga kwa kitambaa chenye maji. Nimetumia ule unga wa waridi wa kuchanganya na maji, maana silikoni kituoni kwetu tunaisikia kwenye hadithi. Alikaa na kisinia cha unga huo mdomoni, udenda unamtiririka, mpaka ule uji ukaganda kama mpira. Hata hapo alikuwa anajaribu kuimba.

Basi la asubuhi linaondoka. Mama, tufanyie haraka!

Mkweo,
Dokta

*

Karakana, nyuma ya nyumba
6 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Nimesoma habari ya kwanza nikakaa chini. Nimesoma ya pili nikaruka, nikaigonga taa kwa kichwa. Bendi ya redio! Marehemu baba yake alikuwa akiwasha redio kila jioni, akinyoosha kidole na kumwambia yule mtoto, "Hapo ndipo pa kufika." Mtoto mwenyewe alikuwa anatambaa, lakini kelele zake tayari zilikuwa za lori, ndiyo tukamwita Honi. Kama mambo ya duniani yanasikika huko aliko mzee, basi leo hajalala.

Boksi lako nimelifungua kwa upande wa chini. Si uzee, ni furaha. Uliweke hilo akilini usije ukaniwazia mengine.

Bamba hilo hapo. Rangi ya meno nimeichagua kwa kukumbuka anavyocheka. Vibana vya waya nimevikunja mwenyewe, sikumwachia mtu. Plasta niliyomimina kwenye chapa yako ilitoka na uso wa unga unga kidogo, kama ukuta uliopakwa chokaa na fundi mwenye njaa. Sisemi kitu. Vijana mna haraka, na haraka haraka haina baraka, lakini sisemi kitu. Kwenye sanamu ya plasta bamba limekaa kama limezaliwa pale.

Apulize leo leo! Uniandikie noti ya kwanza ilikuwa ipi.

Mama mkwe wako,
Mama Meno

*

Kituo cha Afya
9 Juni

Mama mkwe,

Shikamoo. Noti ya kwanza sijui ilikuwa ipi kwa sababu haikumalizika.

Tuliita majirani. Honi alivaa shati la majaribio, akasimama katikati ya sebule, akavuta pumzi, akapuliza. Bamba likatoka mbio, likaruka juu ya meza na kutua ndani ya kikombe cha chai cha jirani. Yule mama wa watu mpaka sasa hanywi chai kwetu. Honi alicheka mpaka akakaa sakafuni, lakini usiku hakucheka tena, na mimi nilimwona.

Nimelipima mwenyewe. Nikilibonyeza kulia, linanyanyuka kushoto. Nikilibonyeza kushoto, linanyanyuka kulia, kama meza ya mgahawa. Sisemi kitu juu ya plasta yako, Mama. Inawezekana tu nayo ilikuwa na haraka, kama sisi vijana.

Nimemchukua chapa ya pili, bora kuliko ya kwanza, kila jino linaonekana mpaka mstari wa fizi. Na kabla ya kuifunga nimeitunza kwa uangalifu mara mbili ya ile nyingine. Naituma na basi la leo. Siku zinakimbia, tafadhali Mama.

Mkweo,
Dokta

*

Karakana
13 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba. Nimepokea chapa, nimepokea na ile meza ya mgahawa. Nilikuwa sijui kama vyuo vya udaktari siku hizi vinafundisha na matusi ya adabu.

Na mimi chapa hii ya pili nimeitunza kwa uangalifu mara mbili kabla ya kumimina plasta. Sikuigusa kwa pupa. Na bado plasta imetoka na uso ule ule wa unga unga, na ukingo mmoja umevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Mimi nimemimina plasta tangu wewe hujaota jino la kwanza. Plasta ni ile ile na maji ni yale yale ya bombani. Kilichobadilika ni anayechukua chapa.

Haya, nimeishia hapo, nisije nikajaza karatasi. Bamba la pili hilo. Kama nalo litaruka, mlete Honi mjini mapema. Kuna dada yangu mmoja katika hospitali kubwa ya hapa, daktari mwenye mkono mwepesi. Yuko tayari kumchukua chapa yeye. Nasema kwa upendo tu, kwa ajili ya mtoto.

Mama mkwe wako,
Mama Meno

*

Nyumbani, jikoni
17 Juni

Mume wangu,

Wewe uko chumbani unafunga begi, mimi niko jikoni naandika na mkono mmoja huku wa pili umeshika chapa ya tatu. Barua hii nitaichomeka kwenye kasha la tarumbeta, utaikuta ukifika kwa Mama. Mdomoni siwezi kukuambia haya. Nitaanza kulia, nawe utakosa basi.

Bamba la pili ni baya kuliko la kwanza, wewe mwenyewe umeona, hata maneno linayazuia. Nimechukua chapa hii ya tatu kwa mikono hii hii, na nimeikagua kwenye mwanga wa dirisha. Haina kipovu, haijachanika, haina kosa. Kama Mama atakupeleka kwa huyo dada yake mwenye mkono mwepesi, nenda. Kiti cha redio ni kikubwa kuliko moyo wangu. Lakini ujue nitakuwa nimeumia, na nitaumia kwa muda mrefu.

Jambo la pili ni lile lile. Mama sijamwambia habari ya homa ya ini. Uliniapisha mwaka jana ulipokuwa umelala na homa ile, nami nimeshika kiapo. Lakini siwezi kumtumia mama wa watu kitu kilichotoka mdomoni mwako bila kukiua kila kilichomo. Yeye anashika chapa zile kwa vidole vyenye mikwaruzo ya waya. Kwa hiyo kila chapa nimeiloweka kwenye maji ya klorini. Ya kwanza niliiacha kidogo. Ya pili zaidi. Hii nimeitoa humo sasa hivi, na niliitia ulipoanza kutafuta soksi zako, na wewe unajua jinsi soksi zako zinavyotafutwa.

Siwezi kumwambia Mama kwamba nailoweka. Ataniuliza kwa nini natakasa kwa nguvu hivyo, na mimi sijui kumdanganya. Basi nakaa kimya, anazidi kuniona sina mkono. Wacha anione hivyo. Bora asiumwe.

Dereva anapiga honi. Puliza, mume wangu. Hata kwa pengo, puliza.

Dokta wako

*

Kwa Mama
18 Juni

Dokta wangu,

Keti! Hapana, simama! Hapana, soma ukiwa umeshika kitu!

Nilifika jana mchana. Mama akanikagua, akaniambia nimekonda, akachukua boksi, akaingia karakana na kufunga mlango. Unamjua, akiwa kazini hataki hata nzi. Mimi nikaenda kuoga. Natoka bafuni na taulo kiunoni nafuata shati langu kwenye kamba, nikapita dirisha la karakana, nikapigwa puani na harufu. Klorini! Ile ile ya jikoni kwetu! Nikachungulia. Mama amevaa glavu, ameinama juu ya beseni la buluu, na mdomo wangu wa waridi unaogelea ndani.

Nikasema, "Mama, unafanya nini?"

"Naua vijidudu. Kwani wewe unaona napika?"

"Umeiweka humo tangu lini?"

"Tangu ulipoingia bafuni. Bado kidogo."

"Na zile nyingine mbili?"

"Kila chapa inayovuka mlango huu inaoga, hata ingetoka mdomoni mwa malaika. Ila za mkeo naziacha zaidi."

"Kwa nini za mke wangu?"

Akapangusa glavu kwenye aproni bila sababu. "Kwa sababu hasemi kama amezitakasa. Na mimi nitamuulizaje? Kumuuliza mkwe kama ameosha kitu ni sawa na kumuuliza kama huwa anaoga. Nikaona niisafishe mimi, kimya kimya, yaishe."

Dokta, nilicheka mpaka taulo likataka kuanguka. "Mama! Dokta anailoweka! Inaoga kwetu, inasafiri na kitambaa cha maji, ikifika inaoga tena kwako! Na kila mkigombana mnaiongezea muda!"

Mama akaitoa ile chapa kwenye beseni kwa haraka kama mtu anayeokoa mtoto kisimani. Akaigeuza, akaibonyeza kidogo. Kisha akanigeukia mimi.

"Daktari mzima anaijua kazi yake. Unga huu haulowekwi, unanyunyiziwa dawa na kufungwa kwenye mfuko. Nailoweka mimi kwa ukaidi wangu wa siku zote, na kwa muda mfupi haijawahi kuniadhibu. Lakini mkeo anaogopa nini mpaka ailoweke kama sare za shule?"

Hapo nikawa sina pa kujificha, na taulo lenyewe ni fupi. Nikamwambia. "Ni kwa sababu yangu, Mama. Mwaka jana niliugua homa ya ini. Nilimwapisha asikuambie."

Akavua glavu, moja, halafu nyingine. Nikajua nitakula kofi. Lakini akasema polepole, "Ulikuja hapa na macho ya manjano kama kiini cha yai, ukaniambia ni vumbi la safari. Mimi nilikuzaa au nilikuokota? Nilijua, nikasubiri useme. Na nimechanjwa ugonjwa huo kabla wewe hujaanza kupuliza hicho kidubwasha. Kwa nini unafikiri naosha kila chapa bila kuuliza ni ya nani? Ni ili asiwepo mtu wa kuona aibu mbele yangu. Halafu aibu inaingia kwa mlango wa nyumbani kwangu."

Nililia, Dokta. Sioni haya kukuandikia. Naye akalia, akanifuta machozi na lile taulo, ikabidi nimkumbushe kwamba nalihitaji.

Halafu akakaa kwenye kigoda, akashika kichwa. "Unga ule unakunywa maji, Honi. Unavimba kama maharage. Tumeulowesha wawili mpaka tumekutengenezea meno ya mtu ambaye hayupo duniani."

Sasa hivi yuko karakana anagonga vitu, anazungumza peke yake, na anaimba. Kuna kitu anakijaribu. Mpenzi wangu, mkono wako hauna kosa! Na wake hauna! Nimemaliza karatasi!

Honi wako

*

Kituo cha Afya
20 Juni

Mama!

Shikamoo nitakupa mwishoni, sasa sina nafasi. Barua ya Honi ilinikuta na mgonjwa kwenye kiti. Niliisoma, nikapiga kelele, mgonjwa akafikiri nimeona kitu kwenye gego lake. Nilipomaliza naye nilifunga mlango nikaanza kazi.

Tuna yale meno makubwa ya plasta ngumu tunayofundishia watoto kupiga mswaki. Nimeyachukua chapa mara tatu kwa unga ule ule. Ya kwanza nimeisuuza kwenye maji yanayotiririka, nimeinyunyizia dawa kila upande, nimeifunga kwenye mfuko dakika kumi, nimeisuuza tena na kumimina plasta hapo hapo. Ya pili nimeiloweka kama nilivyozoea. Ya tatu nimeiogesha kwangu, nikaifunga kitambaa cha maji, nikaizungusha kituo kizima kwenye kikapu ili ione safari, halafu nikaiogesha tena kwa niaba yako.

Mama, laiti ungekuwepo! Nimepima kutoka gego hadi gego kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili. Ya kwanza ni pacha wa meno yenyewe. Ya pili imepotea kidogo, kiasi cha jicho kukosa kuona, lakini ulimi ungejua. Ya tatu imepinda upande, na uso wake ni unga unga, ukiupitishia kidole kinatoka cheupe! Ule ule uliousema kwenye barua yako ya kwanza! Plasta yako haikuwa na haraka. Ni klorini iliyobaki kwenye chapa iliyoila uso wake. Nilimwita muuguzi aje aone, nikamkumbatia, naye akaniuliza kama nimepata uhamisho.

Haya yote nilifundishwa darasani, na mtihani nilifaulu. Hofu ilipoingia nikajifanya najua kuliko mwalimu. Nilidhani dawa ikizidi, usalama unazidi. Kumbe vijidudu vilikuwa vimekufa zamani na mimi naendelea kumloweka marehemu.

Honi yuko kwako, mdomo wake uko kwako, na siku zimebaki chache. Nimeomba ruhusa na nimepewa. Sisubiri jibu lako. Kesho napanda basi na kopo langu la unga, na chapa ya nne tutaichukua humo humo karakanani, wewe ukiwa umeshika plasta. Kama hutaki nije, utanifukuza mlangoni.

Shikamoo, Mama.

Dokta

*

Karakana
20 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba kabla hujaamkia, maana leo sisubiri mtu.

Nina nati kubwa ya chuma iliyotoka kwenye mashine yangu ya zamani. Nimeichukua chapa kwa unga wa waridi niliobaki nao, mara mbili. Chapa ya kwanza nimeinyunyizia tu na kuifunga kwenye mfuko. Ya pili nimeitia kwenye beseni la buluu, nikaenda sokoni, nikazungumza na kila ninayemjua, nikarudi. Nikamimina plasta zote mbili. Sasa ninazo nati mbili nyeupe mezani, nzuri kwa kuangalia, na ukiziona huwezi kuzitofautisha. Nikaleta spana. Ya kwanza ikaingia bila ubishi. Ya pili ikakwama upande mmoja, na upande wa pili ikacheza! Nimeijaribu tena na tena kama mtoto mwenye toi. Honi ameijaribu. Mwenye duka la jirani naye nimemwita akaijaribu, akasema ni nati mbovu nimrudishie aliyeniuzia.

Kwa hiyo wewe ulikuwa unanisema moyoni, na mimi nilikuwa nakusema moyoni, na mwenye makosa alikuwa beseni. Tumetoshana. Tusiombane radhi, tutachoka na kazi bado.

Yule dada yangu mwenye mkono mwepesi nimemwambia abaki hospitalini kwake na wepesi wake.

Njoo. Usisubiri barua nyingine, panda basi lolote linaloelekea huku. Leta unga wako, leta mkono wako. Kitanda nimekitandika.

Mama Meno

*

Karakana
29 Juni

Mwanangu,

Barua yangu ya tarehe 20 utakuwa umeikuta mlangoni uliporudi. Yako ilinifikia wewe ukiwa tayari jikoni kwangu unakunywa chai, nikaisoma huku nakuangalia, nawe ukajificha nyuma ya kikombe. Tangu uondoke karakana imekuwa kimya mno. Bado namwona Honi kwenye kigoda, kisinia mdomoni, wewe umemshika taya, mimi na chupa ya dawa mkononi nahesabu dakika kwa sauti mpaka mwenye duka akauliza kama tunazalisha. Ile plasta ilivyotoka! Laini kama yai lililomenywa. Sijawahi kuona plasta nzuri vile, na sitaki kusema sababu ni nini, utavimba kichwa.

Haya. Najua wagonjwa wako ndio waliokurudisha kabla ya siku yenyewe, na najua umekaa huko roho mkononi. Nakusimulia yote.

Ukumbini walikuwepo wapuliza tarumbeta wengi, wote wana meno yao ya kuzaliwa. Wengine suti. Honi alivaa lile shati. Mimi hawakuniruhusu kuingia, nikabaki kwenye korido, nikalibandika sikio langu zima mlangoni. Walipuliza wengine kwanza. Walikuwa wazuri, mwanangu, nisikudanganye.

Zamu yake ikafika. Akaanza chini, polepole, sauti nene. Nikasema haya, hapo hata bamba la kwanza lingevumilia. Akapanda. Akapanda tena. Ikaja ile noti ya juu ambayo huwa anaishika mpaka watu wanatazamana. Nikafumba macho nikisubiri kusikia kitu kinadondoka sakafuni. Nilishika kitasa kwa nguvu mpaka kikafunguka, mlango ukaachia, na mimi nikaingia ukumbini nikiwa nimeinama kama mwizi, mbele ya watu wote!

Hakikudondoka kitu! Noti ilikuwa bado inaendelea! Alinitazama kwa pembe ya jicho na hakuiachia, akaishikilia, akaishikilia, kisha akaishusha taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Kiongozi wa bendi akavua miwani. Akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale kama mlingoti, "Mama, huyu kijana ana mapafu ya nani?"

Nikamwambia, "Mapafu ni ya baba yake. Meno ni ya mkewe na mimi."

Wakafikiri ni utani. Wamempa kiti, mwanangu! Kiti cha redio ni chake! Anaanza mwezi ujao. Jioni ile nilifungulia redio nyumbani, wala haikuwa bendi, ilikuwa habari za mifugo, nikaisikiliza yote mpaka mwisho nikilia peke yangu.

Anakuja kwako na basi la kesho kukuambia mwenyewe, na atakasirika nimemwahi. Ndiyo maana nimempa dereva barua hii leo.

Sasa lingine, na ukicheka nitajua hata nikiwa huku. Mama Meno karibu hana magego ya juu. Kushoto hakuna hata moja, kulia yamebaki mawili yanayochungulia. Nimeutengenezea mji huu meno miaka yote, na mimi mwenyewe natafuna kama sungura, kwa sababu sikuwahi kumpata daktari wa kumwachia mdomo wangu. Huyo dada yangu mwenye mkono mwepesi ameniomba mara nyingi, nikamkatalia.

Nakuja huko Jumamosi. Utanichukua chapa wewe. Na nitakuuliza mbele ya wagonjwa wako, bila haya: umenawa? Glavu ni mpya? Unanyunyizia dawa gani, na dakika ngapi? Nani anamimina plasta? Nawe uniulize yangu yote, kila ugonjwa niliowahi kuugua, hata ule ambao Honi haujui. Upo. Nitakuambia wewe kwanza.

Mama yako